Kutoka Hisani hadi Haki: Historia ya Mafunzo ya Ustawi wa Jamii katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba, kwa Mfano wa Kisenge

Utangulizi

Kufundisha tofauti za watu na haki katika jamii huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni mzigo mpya, uliotwishwa vyuo vya ustawi wa jamii kutoka ng'ambo. Mwezi wa Julai 2014, mjini Melbourne, shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa ustawi wa jamii na chama cha vyuo vinavyowafundisha viliafiki fasili moja ya taaluma hiyo. Fasili hiyo inataja haki katika jamii, haki za binadamu, wajibu wa pamoja na heshima kwa tofauti za watu kuwa ndizo nguzo zake. Anayeisoma akiwa Kolwezi aweza kudhani kwamba maneno hayo yametungwa na wageni kwa ajili ya wageni. Historia ya ukanda wa shaba wa Lualaba yaonyesha kinyume chake. Hapa suala la tofauti na suala la haki yalikuwapo tangu kampuni za migodi zilipoanza kuingia katika nyumba ya mfanyakazi ili kumfundisha mkewe namna ya kupika, kushona na kulea.

Makala haya yanafuatilia historia hiyo kwa kifupi, kuanzia kambi za Union Minière du Haut-Katanga hadi mji wa manganizi wa Kisenge, karibu na mpaka wa Angola. Hoja yake ni kwamba mafunzo ya ustawi wa jamii katika eneo hili yalijengwa juu ya hisani, si juu ya haki. Tena yaliziorodhesha tofauti za watu pasipo kuzifundisha. Kasoro hizo mbili ni chanzo kimoja cha udhaifu ulioonekana pale kampuni ziliporudi nyuma na majirani walipogeukiana.

Yafaa kwanza kueleza maneno haya mawili. Hisani ni wema atendao mtu kwa hiari yake. Aliyeutoa aweza kuukatiza asilaumiwe ila kwa ubahili. Haki ni kitu ambacho mpewaji anaweza kukidai, na anayemnyima anamdhulumu. Unga ni uleule, nyumba ni ileile, dawa ni ileile. Kinachobadilika ni nani mwenye neno la mwisho. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii asiyeuona mpaka huo atagawa unga maisha yake yote bila kujua anafanya kazi gani.

1. Kampuni kama mzazi

Katika miaka ya mwisho ya 1920, Union Minière iliacha hatua kwa hatua desturi ya kuajiri vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka 3 na kuwaruhusu, hata kuwahimiza, kukaa kambini na wake na watoto wao. Sababu ilikuwa ya kiuchumi: mtu anayerudi kwao kila baada ya miezi michache hajifunzi kazi ya ufundi, na gharama ya kumtafuta mwingine ni kubwa. Lakini mara mke na mtoto walipoingia kambini, kampuni ililazimika kuwa na zahanati ya wazazi, mizani ya kupimia watoto wachanga, posho ya familia, shule ya mapadre na watumishi wa kuyasimamia yote hayo. Hapo ndipo ulipo mwanzo wa kazi ya ustawi wa jamii katika Katanga.

Msimamizi mkuu wa siasa hiyo, Daktari Léopold Mottoulle, aliieleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1946, akipima matunda ya miaka 20. Mwelekeo wa kumwona mfanyakazi wa Kiafrika mfano wa mtoto anayehitaji mlezi umo waziwazi katika maandishi yake. Wafanyakazi nao waliuelewa uhusiano huo kwa lugha ya ukoo. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu, aliyekusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za wafanyakazi wa Lubumbashi, ameonyesha jinsi kampuni ilivyokuja kuonekana kama baba na mama: ndiyo iliyolisha, iliyovika, iliyotibu na iliyosomesha.

Hata hivyo, mtoto huyo alijua kudai. Mwezi wa Desemba 1941, gharama za maisha zilipopanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwapiga risasi wagomaji, na makumi wakafa. Tukio hili ni la msingi kwa mada hii. Wagomaji hawakukataa posho wala zahanati. Walichokitaka ni kwamba thamani ya kazi yao izungumzwe nao. Jibu walilopewa, pamoja na maendeleo yaliyofuata katika huduma za kambi, liliacha suala hilo pale pale: huduma ziliongezwa, mazungumzo hayakuongezwa.

2. Foaye: shule ya wake

Taasisi iliyobeba mafunzo yenyewe ni ile iliyoitwa kwa Kifaransa foyer social, ambayo hapa itaitwa foaye. Foaye zilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili katika miji ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Ziliongozwa na wanawake wa Kibelgiji, wengi wao wakiwa wamesomea kazi hiyo kwao, wakisaidiwa na wasichana wa Kiafrika waliofunzwa papo hapo. Mafunzo yalihusu kushona, kufuma, kupiga pasi, kupika, usafi wa nyumba na malezi ya mtoto mchanga. Na mara kwa mara waalimu waliwatembelea wanafunzi wao majumbani kuona kama somo limetekelezwa. Nancy Rose Hunt, katika uchunguzi wake juu ya foaye ya Usumbura kati ya 1946 na 1960, ameonyesha kwamba kilichokuwa kikifundishwa hakikuwa ufundi wa sindano peke yake, bali sura nzima ya mke na ya nyumba.

Si haki kusema kwamba foaye hazikuwa na faida. Wako wanawake waliojifunza humo kusoma, na wako waliolisha watoto wao kwa cherehani baada ya mshahara wa mume kukatika. Lakini ni lazima kuuliza foaye ilimwona nani na haikumwona nani. Ilimwona mke wa mfanyakazi. Haki ya kukaa kambini, ya kupata posho na ya kutibiwa ilipitia kwa mume. Mwanamke hakuwa nayo kwa jina lake. Yule aliyeishi mjini bila mume alihesabiwa katika fungu jingine kabisa: utawala wa Kibelgiji ulimtoza kodi kama mwanamke aishiye peke yake. Basi katika mji mmoja wanawake wawili waliotoka kijiji kimoja, mmoja alipewa somo la kupika na mwingine alidaiwa kodi. Mwalimu wa foaye hakufundishwa kuuliza kwa nini.

Jambo la pili ni tofauti za asili. Sheria ya mwaka 1931 ilianzisha miji ya Waafrika iliyoitwa vituo vya nje ya mila, kana kwamba mtu akihamia mjini huacha ukoo wake kwenye kituo cha treni. Wakati huohuo vitabu vya ajira viliandika kabila la kila mtu, na wataalamu walibishana kabila gani lafaa kazi gani. Kituo cha uchunguzi wa masuala ya jamii za Kiafrika, CEPSI, kilichoanzishwa Elisabethville mwaka 1946, kilitoa tafiti nyingi zenye thamani kuhusu maisha ya mjini. Lakini ujuzi huo ulikusanywa kwa ajili ya mtawala. Aliyechunguzwa hakuusoma, na mtumishi wa Kiafrika wa foaye hakufundishwa kuutumia. Tofauti za watu zilikuwa habari za ofisini, si somo la darasani.

3. Jamaa: mafundisho ya upande wa pili

Katika kambi zizo hizo za Kolwezi, kuanzia mwaka 1953, palizuka mafundisho ya namna nyingine. Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyejulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, alikutana na wachimbaji na wake zao, na kutokana na mikutano hiyo likatokea kundi lililoitwa Jamaa. Johannes Fabian, aliyelichunguza kundi hilo katika miaka ya 1960, ameeleza kwamba mafundisho yake yalizunguka maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga. Yaliwapokea mume na mke pamoja. Na hayakuuliza kabila la mtu.

Kwa historia ya mafunzo ya jamii, Jamaa ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Foaye ilimfundisha mke peke yake kwa mfano wa nyumba ya Kibelgiji. Jamaa iliwafundisha wawili kwa maneno waliyokuwa nayo. Foaye ilizinyamazia tofauti za asili. Jamaa ilizivuka kwa neno la ukoo, ikimfanya Mluba, Mlunda na Mchokwe ndugu wa uzazi mmoja wa kiroho. Hii ni dalili kwamba Kiswahili cha kambini, ambacho kwa maelezo ya Fabian (1986) kilikuzwa na serikali na kampuni kwa ajili ya kazi na amri, kiliweza kugeuzwa na wasemaji wake kuwa lugha ya usawa.

Lakini Jamaa nayo ilikuwa na mpaka wake. Ilizungumza juu ya utu wa mtu, haikuzungumza juu ya mshahara wake. Mapendo yaliziba pengo kati ya makabila. Pengo kati ya kambi na ofisi lilibaki. Hivyo kufikia mwaka wa uhuru palikuwa na shule mbili za maisha katika migodi, moja ya hisani na nyingine ya udugu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya haki.

4. Wenyeji na wageni

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba kazi humgeuza mgeni kuwa mtu wa nyumbani. Katika Katanga methali hiyo ilipinduliwa. Mtu aliyetoka Kasai kwa reli ya BCK, iliyokamilika mwaka 1928 kati ya Katanga na Port-Francqui, alipewa sururu tangu siku ya kwanza, na mjukuu wake akabaki kuitwa mgeni.

Mgawanyo huo uliingia katika siasa mapema. Uchaguzi wa miji wa mwaka 1957 ulipowapa watu waliotoka nje ya Katanga sehemu kubwa ya vyeo vya mameya wa Kiafrika wa Elisabethville, wanasiasa wa asili ya Katanga waliunda chama cha Conakat mwaka uliofuata. Na tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga, hadi Januari 1963. Baada ya hapo mgodi ulitaifishwa, ukawa Gécamines, na huduma za jamii zikaendelea kwa mtindo uleule wa zamani: kampuni ikabadilisha jina, mzazi akabaki.

Mzazi huyo alianza kuanguka mwishoni mwa miaka ya 1980. Gécamines, iliyotoa karibu tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Katika upungufu huo ndipo mgawanyo wa wenyeji na wageni ulipowashwa tena. Kuanzia Likasi mwezi wa Septemba 1992, kisha Kolwezi mwezi wa Machi 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kazini na majumbani. Mamia ya maelfu walihama. Wengi walikaa majuma mengi kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wako waliofia hapo hapo au njiani.

Kwa mwanaisimu kuna neno moja lisiloweza kupitwa. Waliofukuzwa waliitwa bilulu, yaani wadudu, kwa Kiswahili cha Katanga. Lugha iliyozaa uzima, uzazi na mapendo katika kambi za Kolwezi ilitumika, miaka 40 baadaye na katika mji uleule, kumwondolea jirani ubinadamu wake. Lugha haina hatia wala sifa. Hatia na sifa ni za wanaoisema. Lakini mtumishi wa jamii anayetakiwa kulitambua neno kama hilo mapema, likiwa bado mzaha wa sokoni, anahitaji kuwa amefundishwa historia yake. Mafunzo yaliyoishia kwenye usafi na lishe hayakumpa silaha hiyo.

5. Kisenge

Kisenge yaonyesha jambo hili kwa ukubwa mdogo, na kwa hiyo kwa uwazi zaidi. Mji uko magharibi ya mbali ya Kolwezi, katika nchi ya Walunda, Wachokwe na Waluena. Mkataba wa mwaka 1891 kati ya Ureno na Dola Huru ya Kongo uliigawa nchi hiyo, na koo zikabaki pande zote mbili. Manganizi ya Kisenge ilichimbwa na BCK-Manganèse, kampuni tanzu ya ile kampuni ya reli, na kusafirishwa kupitia Angola hadi bandari ya Lobito. Kwa desturi ya Katanga, mgodi ulikuja na nyumba, matibabu na shule zake, na wafanyakazi wa asili mbalimbali waliungana na wenyeji.

Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela. Manganizi ni madini mazito yenye bei ndogo. Bila reli hayalipi safari. Hivyo mji uliotegemea kampuni moja, nayo ikitegemea njia moja, ulipoteza kila kitu kwa pigo moja ambalo halikupigwa Kisenge. Mwezi wa Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliingia kutoka Angola na kuiteka Kisenge pamoja na miji mingine ya magharibi; jeshi la serikali liliporudi, wakazi wengi wa eneo hilo, wakihofia kushukiwa kuwa ni watu wa waasi, walikimbilia Angola. Zaidi ya miaka 20 baadaye mkondo uligeuka: vita vya Angola, vilivyomalizika Aprili 2002, viliwaleta wakimbizi wa Angola hadi Kisenge, na Umoja wa Mataifa ukawahudumia huko.

Hapa mwanafunzi wa ustawi wa jamii anakuta mtihani halisi. Mkimbizi na mwenyeji wake waweza kuwa wa ukoo mmoja na lugha moja. Aliyekaribisha mwaka 2000 huenda alikaribishwa mwaka 1977. Mmoja ana kadi inayomtambulisha kuwa mkimbizi; mwingine ni mchimbaji ambaye mgodi wake umelala, na njaa yake haina kadi. Kumpa wa kwanza ni haki iliyoandikwa katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951. Kumpa wa pili kunabaki kuwa hisani, kwa sababu aliyemlisha jana alikuwa kampuni, na kampuni haikumwachia hati yoyote. Orodha ya mahitaji haitoshi kuuona msiba huo. Mwanafunzi anahitaji kuuliza: tofauti hii kati ya watu wawili imetengenezwa na nani, lini, na kwa faida ya nani?

Swali hilohilo lilirudi Kolwezi na Likasi mwaka 2003 na 2004, Gécamines ilipowaacha kazi wafanyakazi 10,655 kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia na ulioitwa kuondoka kwa hiari. Benjamin Rubbers, aliyewachunguza wafanyakazi hao, ameeleza jinsi walivyoendelea kudai stahili zao baada ya kupokea malipo. Kilichokuwa kikidaiwa hakikuwa fedha peke yake. Kwa vizazi viwili waliambiwa kwamba wao ni watoto wa kampuni; walipoachwa, waligundua kwamba mtoto wa hisani hana urithi.

6. Lugha ya mafunzo

Lawama kwamba mafunzo ya ustawi wa jamii barani Afrika yaliigwa kutoka ng'ambo si mpya. Chama cha vyuo vya taaluma hiyo katika Afrika, ASWEA, kilichofanya kazi kutoka Addis Ababa kati ya 1971 na 1989, kiliirudia mara nyingi na kuwahimiza waalimu kuandika mifano ya nchi zao. Tanzania ilipounda chuo chake cha taifa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa tayari na istilahi ya Kiswahili, ustawi wa jamii, inayotaja hali njema ya watu wote na siyo msaada kwa maskini.

Kongo haikufuata njia hiyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini elimu ya juu hutolewa kwa Kifaransa. Mwanafunzi husoma kwa Kifaransa nadharia ya kusikiliza, kisha husikiliza kwa Kiswahili, na huandika ripoti tena kwa Kifaransa. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi mambo mengi hupotea. Mjane asemapo kwamba kazi imemtupa, neno kazi lina maana ya ajira, kampuni, posho na hadhi kwa pamoja. Ripoti itaandika ukosefu wa kipato. Na anayejaribu kutafsiri jina la taaluma yenyewe kuwa kazi ya jamii atasikiwa na wazee kama anayezungumzia salongo, ile kazi ya shuruti ya enzi za Mobutu. Kuchagua istilahi hapa ni sehemu ya somo, maana kila neno limebeba historia ya aliyelitamka mbele ya nani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika ukanda wa shaba wa Lualaba mafunzo ya ustawi wa jamii yalianza kama mkono wa kampuni, yakamfundisha mke bila kumpa haki, na yakahesabu makabila bila kueleza hesabu hiyo ilifanya nini. Yameonyesha pia kwamba watu wenyewe walikuwa na madai yao, kama mwaka 1941, na mafundisho yao, kama katika Jamaa. Lakini madai na mafundisho hayo hayakuingia katika mitaala.

Kutokana na hayo, mambo matatu yafaa kuzingatiwa na vyuo vinavyowafundisha wahudumu wa jamii katika Lualaba. Kwanza, historia ya kambi, ya foaye na ya mafukuzo ya 1992 na 1993 ifundishwe kama msingi wa taaluma. Darasani wamo watoto na wajukuu wa waliofukuzwa pamoja na wa waliofukuza, na kuinyamazia ni kuwaachia mitaa iwafundishe. Pili, kila mfano unaochambuliwa upimwe kwa swali la hisani na haki: anayesaidiwa ana dai gani, kwa nani, na limeandikwa wapi? Tatu, maneno ya mhusika yahifadhiwe katika ripoti kwa lugha aliyoyasema, Kiswahili, Uruund au Chokwe, kabla ya kutafsiriwa. Jambo hili la mwisho halihitaji fedha. Lahitaji mwalimu anayekubali kwamba mchimbaji wa Kisenge aweza kuwa na neno sahihi zaidi kuliko kitabu.